Aliyekupa Hakukununua

Wajukuu zangu wa Mbagala, Manzese, Tandale, Buguruni na Vingunguti, nina neno nanyi. Ninalo pia kwa ninyi wa mitaa ya namna hiyo kokote mlipo, mnaolala watu sita chumba kimoja na kutafuta riziki kabla ndevu hazijaota.  Ni neno ambalo wazazi wengi hulikwepa, maana kulizungumza ni kukubali kwamba watoto wao wana wapenzi. Mimi silikwepi. Mnao, na wapo miongoni mwenu ambao kwa umri wa miaka kumi na sita wanapigwa, na wapo ambao kwa umri huohuo wanapiga.

Sisemi ya kusimuliwa. Mimi ni mwenye nyumba ya kupangisha, nyumba yetu ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi katikati, kuta zake hazijafika paani. Mtu akikohoa chumba cha nyuma, wa chumba cha mbele anasikia. Kwa hiyo naijua sauti ya kofi, na naijua sauti ya msichana anayejizuia kulia ili asisikike. Mabinti wa mtaani huniita somo na huniletea yao. Wavulana nao hukaa barazani kwangu jioni, na bibi akinyamaza kidogo, vijana husema mengi.

Msidhani ni mkosi wa mtaa wenu peke yake. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu ya dunia nzima: katika wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kuwa na mume au mpenzi, karibu robo yao, asilimia 24, wamekwishapigwa au kulazimishwa tendo na mtu huyo. Ni wasichana wapatao milioni 19. Hapa Dar es Salaam, utafiti wa shirika hilohilo uliofanywa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuta kwamba katika kila wanawake 100 waliowahi kuwa na mwenza, 41 walikuwa wamepigwa au kulazimishwa na mwenza wao. Baadhi ya wanawake wa wakati ule ndio mama zenu. Mmekulia ndani ya jambo hili, ndiyo maana wengi wenu mnaliona la kawaida.

Si la kawaida. Na neno langu kwenu ni moja: kipigo huanza kabla ya kofi. Huanza siku ambayo mmoja anaamini kwamba kwa kuwa ametoa, basi amemiliki.

Tazameni mapenzi ya hapa mtaani yanavyoanza. Huanza na nauli ya daladala, chipsi mayai, bando la wiki, hela ya kusukia. Binti ambaye nyumbani kwao pesa ya taulo za kike ni ugomvi, akipewa elfu tano bila kuombwa maelezo, moyo unamlainika. Simlaumu. Kupeana ni desturi yetu, na kijana asiyetoa kitu tunamwita mkono wa birika. Lakini huyo anayetoa naye ni masikini. Anaendesha bodaboda ya mkataba, na jioni lazima apeleke hesabu kwa tajiri kabla hajajua yeye mwenyewe atakula nini. Elfu tano yake ni jua la kutwa. Kijiweni wenzake wanamtazama: akihonga kisha akakataliwa, ataambiwa kachunwa, kageuzwa buzi. Basi zawadi inabadilika kuwa deni, tena deni ambalo yule binti hakuambiwa kwamba anakopa. Nalo hulipwa kwa utii. Usivae hivi. Usicheke na yule. Nikikupigia upokee. Nikikuita uje, na ukija usikatae. Siku malipo yakikwama, mkono unanyanyuka.

Kijana mmoja aliwahi kuniletea shauri barazani, pamoja na mpenzi wake. Alinipa simu nisome orodha aliyoiandika: raba elfu ishirini na tano, kusuka elfu kumi na tano, chipsi kuku mara kadhaa, nauli za Kariakoo, simu ya mkononi aliyoinunua mtumba. Chini ameweka jumla. Alitaka niamue: ama binti arudishe vyote, ama amsikilize. Binti alikaa pembeni, mtandio kaushusha upande mmoja kufunika sikio lililovimba. Nikasoma orodha yote mpaka mwisho, nikamwuliza, "Mwanangu, bei ya sikio umeiandika wapi?" Hakuwa na jibu. Na hakuwa kijana mbaya wa kuvuta bangi na kukaba watu. Alikuwa mchapakazi, mwenye heshima kwa wakubwa, anayeamini kwa moyo wake wote kwamba amedhulumiwa. Hilo ndilo linalonitisha. Anayejua kwamba anakosea anaweza kuona haya. Anayeamini kwamba anadai haki yake hupiga bila kuona haya.

Kwa hiyo shikeni hili, wote wawili. Aliyekupa hakukununua. Hata mahari, inayotolewa mbele ya mashahidi na wazee wa pande mbili, haimpi mume ruhusa ya kumpiga mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, imeandika kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Waislamu tumepokea kutoka kwa Bi Aisha kwamba Mtume hakuwahi kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Ikiwa mume aliyeoa kwa shahidi na walii hana ruhusa hiyo, aliyenunua chipsi na bando ameitoa wapi?

Sasa niseme na ninyi mabinti.

Kofi la kwanza huwa na watangulizi wake, na siku hizi wengi wao hupita kwenye simu. Atataka patani ya simu yako, kwamba wanaopendana hawafichani. Kisha atataka utume lokesheni. Kisha atapiga video koli umwonyeshe upo na nani, na ukichelewa kupokea una kesi ya kujibu. Atachukia shoga zako mmoja mmoja mpaka ubaki peke yako. Atakwambia kozi ya ushonaji ina wanaume wengi, saluni ina umbea, shule inakupotezea muda. Wewe utawaambia wenzako, kwa fahari kabisa, "Ananionea wivu kwa kuwa ananipenda."

Wivu kila mwenye kupenda anao. Tofauti ni kile mtu anachofanya nao. Mwenye kukupenda akiona wivu atakwambia umemuumiza, atanuna, atauliza, mtayazungumza yaishe. Mwenye kukumiliki ataufanya wivu wake kuwa sheria yako. Jipime hivi: tangu uwe naye, watu unaoruhusiwa kusema nao wameongezeka au wamepungua? Mahali unapoweza kwenda pameongezeka au pamepungua? Ukitaka kucheka, unacheka kwanza au unamtazama usoni kwanza? Kama maisha yako yanazidi kuwa madogo, usingoje kofi ndipo ujue upo wapi.

Najua imani ya kwamba mwanamume ana haki ya kukutawala mmeitoa wapi. Katika Utafiti wa Demografia na Afya wa Tanzania wa mwaka 2015/16, wanawake 58 katika kila 100 walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja, kama vile kuunguza chakula, kutoka bila kuaga au kukataa tendo la ndoa. Wanaume waliokubali walikuwa 40 katika 100. Mama zenu, shangazi zenu na makungwi wetu ndio waliowafundisha kwamba mwanamke akipigwa atakuwa amekosa. Mimi ni kungwi na nawaambia: hakuna kosa la kupikia, la kuvaa wala la kuchelewa ambalo malipo yake ni kipigo. Hata ukiwa umemkosea kweli, hata ukiwa umemdanganya, dawa yake ni kuachana. Mtu mwenye haki ya kukasirika hana haki ya kukuumiza.

Lipo lingine ambalo mnanong'onezana na hamlitaji kwa jina. Kwenda chumbani kwake, geto kama mnavyoita, si ruhusa ya kila kitu. Kukubali jana si kukubali leo. Ukisema hapana naye akaendelea, huo ni ubakaji, hata kama ni mpenzi wako, hata kama alikulipia bodaboda ya kukufikisha mlangoni. Na kama hujatimiza miaka 18, sheria yetu ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 haitazami hata kama ulikubali: kwa mwanamume mtu mzima hilo ni kosa la kubaka, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30. Wavulana mliokwishavuka miaka 18 na mna wapenzi wa kidato cha pili, sikieni hapo mara mbili.

Akikutisha kwa picha zako za utupu, kwamba ukimwacha atazisambaza, elewa kwamba mwenye kosa ni yeye. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayesambaza picha za namna hiyo. Usimrudie kwa kuogopa picha. Hifadhi jumbe zake za vitisho, mwonyeshe mtu mzima unayemwamini, na mzipeleke polisi. Aibu ya mtaani ni kali, siwezi kukudanganya. Lakini mtaa husahau, wakati mtu aliyegundua kwamba kitisho kinafanya kazi hatakiacha.

Na hii ndoa ya sogea tukae. Binti amegombana na mama wa kambo, au nyumbani chakula hakitoshi, anahamia geto na begi lake. Miezi michache ya mwanzo ni raha. Baadaye kodi ni ya mwanamume, godoro ni la mwanamume, na ukiambiwa "toka kwangu" saa sita usiku huna pa kwenda. Ukishafika hapo, kila unachokula ni deni. Kama nyumbani hapakaliki, nenda kwa bibi, kwa shangazi, kwa mama mdogo, kwa mwalimu, kwa ofisa ustawi wa jamii, kabla ya kwenda kwa mwanamume wa kukuhifadhi. Na kama umekwishapata ujauzito au mtoto, usifikiri mlango wa shule umefungwa na umebaki naye tu. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa kujifungua warudi katika shule za kawaida. Rudi. Mikono yako ikiwa na chake cha kuingiza, hata cha kuuza vitumbua, utachagua mtu kwa moyo, hutamchagua kwa njaa.

Na ninyi wavulana. Msiondoke, sikuwaita niwaseme. Nawapenda kama ninavyowapenda dada zenu.

Najua mnachobeba. Mtaani mwanamume ni mfuko. Huna kazi ya kueleweka, polisi wanakukamata kwa uzururaji, tajiri wa bodaboda anakutukana mbele ya watu, mama anataka hela ya dawa. Siku nzima kila mtu amekuwa juu yako. Unarudi geto, na yupo mtu mmoja tu duniani ambaye ni mdogo kuliko wewe, na huyo ndiye anayekuuliza ulikuwa wapi. Naona jinsi hasira inavyopata pa kutokea. Lakini tazama vizuri: tajiri alikutukana, hukumpiga. Askari alikusukuma, hukumrudishia. Kumbe mkono wako unaweza kuzuilika. Unauzuia mbele ya wenye nguvu na kuuachia mbele ya asiye na nguvu. Usiseme hasira zilikuzidi. Ulichagua wa kumpiga.

Wapo kati yenu mliomwona baba akimpiga mama. Mlijificha chini ya kitanda na wadogo zenu, mkaapa kwamba mkikua mtampiga baba. Mmekua, na sasa mnampiga mtoto wa mwenzenu kwa maneno yaleyale aliyoyatumia baba. Msiniambie ni damu. Wapo wengi waliolelewa katika vyumba kama hivyo na hawajainua mkono. Yule mtoto wa chini ya kitanda alikuwa anajua ukweli. Msikilizeni yeye.

Kama huna cha kutoa, usitoe. Waambie kijiweni huna, na mwambie binti huna. Anayekukimbia kwa kuwa huna nauli ya kumpa amekuonyesha mapema hakupendi, na amekuokolea fedha. Ukitoa, toa kwa namna ambayo akikuacha kesho hutaumia kwa kile ulichotoa. Utaumia kwa kumkosa yeye, na maumivu hayo hayana aibu. Lieni. Nendeni kwenye mpira mkapige kelele. Nendeni kwa kaka mkubwa, kwa shehe, kwa padri, kwa kocha, mkaseme mmeachwa na mnaumia. Kijana aliyewahi kulia mbele ya mtu hana haja ya kumliza mtu mwingine ili aonekane dume.

Na mkiwa mmekwishapiga, msiniletee machozi na zawadi. Nimeona kijana akipiga magoti uani asubuhi, soda mkononi na mikate ya kumimina, mbele ya msichana aliyemng'oa jino usiku. Alikuwa anamaanisha, naamini. Baada ya wiki chache alimpiga tena. Wahenga walisema ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Kitendo hapa kinajulikana: mwache aende bila kumfuata, mlipie matibabu bila kumdai chochote, kubali mbele ya wazee wenu kwamba ulipiga bila kuongeza "lakini na yeye," na kama ameshtaki, nenda ukajibu. Ukiweza hayo manne, umeanza kubadilika. Ukiweza magoti tu, bado.

Nanyi wavulana mnaopigwa, nawajua pia. Yupo aliyemwagiwa maji ya moto, yupo aliyeng'atwa, yupo aliyevunjiwa simu na kuchaniwa vyeti vya shule, na hasemi kwa kuwa kijiwe kitamcheka. Utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wavulana wamo. Mlango wa msaada ni uleule, na mwanamume kuingia humo hakumpunguzii uanaume. Mabinti, ninyi nanyi mkono wenu usinyanyuke. Kumwaga uji wa moto hakuwi mapenzi kwa sababu aliyemwaga amevaa sketi.

Sasa ikiwa umekwishaamua kutoka, toka kwa akili. Wakati wa kuachana ndio wa hatari kuliko wote, maana mwenye kuamini amemiliki anaona anaibiwa. Usiende geto kumaliza mambo. Naomba mlikariri hili: usiende geto kuachana naye, hata akilia, hata akisema ni mara ya mwisho, hata akisema njoo uchukue nguo zako. Nguo zitafuatwa na kaka yako au mjumbe. Ukilazimika kuonana naye, muonane mchana, mahali penye watu, na mtu wako awe anakuona. Kabla ya hapo, peleka kitambulisho chako, vyeti na kadi ya kliniki kwa mtu unayemwamini. Badilisha patani ya simu, uzime lokesheni. Mwambie jirani mmoja kwamba akisikia ukiita jina lake, aje na watu. Na usimwache kwa kumtukana. Mwambie neno fupi, uondoke.

Mficha uchi hazai. Ukiumizwa, sema siku hiyohiyo. Nenda hospitali. Kama umelazimishwa tendo, usioge na usifue nguo ulizovaa, zifunge kwenye karatasi uende nazo. Dawa za kukinga maambukizi ya VVU zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kadri unavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Za kuzuia mimba nazo hazitaki kusubiri. Polisi watakupa fomu ya PF3, ambamo daktari atajaza majeraha yako yote, nayo ndiyo itakayosema mahakamani siku kovu litakapokuwa limefifia. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Uliza dawati, usikubali kuelezea mambo yako kaunta mbele ya kila mtu. Baadhi ya hospitali zina kituo cha mkono kwa mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wapo mahali pamoja. Na ukiwa huna hata nauli, simu ya msaada kwa mtoto ni 116, haina malipo. Nenda na mtu. Shauri la mtu mmoja hupuuzwa kwa urahisi. Akiwa na mama mzima pembeni aliyevaa kanga na kukaza macho, husikilizwa.

Shoga zao na washikaji wao, nanyi mna sehemu yenu. Rafiki yako akikwambia amepigwa, usimwulize alifanya nini. Mwulize ameumia wapi na usiku huu atalala wapi. Akimrudia yule mtu, usimsuse. Wengi hutoka na kurudi kabla ya kutoka moja kwa moja, na yule anayempiga anangoja umsuse ili abaki peke yake. Mshikaji wako akijisifu kijiweni kwamba kamnyoosha demu wake, usicheke. Mwambie palepale, "Kaka, hapo umekosea." Kicheko chako ndicho kibali anachorudi nacho nyumbani.

Majirani, tuache kujifunika shuka kwa kisingizio kwamba wagombanao ndio wapatanao. Msemo huo ni wa watu wawili wenye nguvu sawa. Anayepigwa hagombani, anapigwa. Kampala, katika maeneo ya Rubaga na Makindye, kati ya mwaka 2007 na 2012 asasi za Raising Voices na CEDOVIP ziliendesha mpango unaoitwa SASA!. Watu wa kawaida wa mtaani walifundishwa, nao wakakaa na wenzao sokoni, vibarazani na majumbani, wakazungumza juu ya nguvu aliyonayo mtu juu ya mwenzake na namna anavyoitumia. Watafiti walipopima mwishoni, wanawake waliosema wamepigwa na wenza wao katika mwaka uliopita walikuwa pungufu kwa asilimia 52 wakilinganishwa na maeneo ambayo mpango haukufika. Mitaa ile ni yetu hii: msongamano uleule, ukosefu wa kazi uleule, vyumba vilevile. Umasikini haukuondoka, kipigo kilipungua. Basi tusiutumie umasikini kama udhuru. Nyumbani kwangu nimeweka sharti kwa wapangaji wote: ukisikia kipigo, gonga mlango. Hata kama utaomba chumvi. Wote tukigonga, mkono unashuka.

Wazazi wenzangu, nawaomba moja tu. Binti akirudi nyumbani na alama mwilini, msimwulize mtasema nini kwa watu, na msikae na familia ya kijana mkapokea laki mbili za kumaliza kesi. Mkizipokea, mtakuwa mmemthibitishia yule kijana kwamba binti yenu ana bei, na binti atakuwa amesikia.

Wajukuu zangu, mna miaka mingi mbele yenu, na mtapenda tena na tena. Pendaneni. Peaneni mnavyoweza, nauli, chipsi, hata nusu ya andazi, mkijua kwamba kilichotolewa kimekwenda na hakidai kitu. Mwenzako akisema hapana, akisema nimechoka, akisema naondoka, mwili ni wake na mguu ni wake. Wa kukubali hilo ndiye wa kuishi naye. Asiyelikubali, mwache akiwa bado mpenzi, kabla hajawa mume, na uje kwangu usiku wowote. Mlango wa ukumbi huwa naufunga kwa komeo moja tu, nami usingizi wangu ni mwepesi.